Pesa ya Mizani: Siku Sita Roma Nikifuata Sarafu za Shaba

Jumanne, siku ya kwanza

Dakika chache kabla ndege haijagusa ardhi Fiumicino, niliona chini ya bawa ziwa lenye pembe sita. Maji ya kijani, miti imelizunguka, na kila upande umenyooka kama uliopigwa rula. Moyo ulinidunda. Ile ni bandari ya Kaisari Traianus, iliyochimbwa mwanzoni mwa karne ya 2 BK, kila upande zaidi ya mita 350. Mto Tiber umemwaga matope karne hadi karne, pwani ikasogea, bandari ikabaki nchi kavu. Umbo halikupotea. Ndilo lile lile alilolichonga fundi mmoja wa Kirumi kwenye sestertius, sarafu ya upana wa sentimita tatu na kitu, maghala yamepangwa pande zote na merikebu zimo ndani. Kwa miaka mingi nimeitazama picha ya sarafu hiyo kitabuni. Leo nimepita juu yake.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alinipokea nje. Anasoma hapa mwaka wa tatu, na ndiye aliyenitumia mwaliko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Ndani ya treni akaniuliza ninataka kuanzia wapi, nikamwonyesha kilichokuwa mfukoni mwangu: pesa ya shaba ya Zanzibar, ya wakati wa Sultan Barghash, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Upande mmoja una jina la Sultani. Upande wa pili kuna mizani, na tarehe chini yake. Bibi yangu aliifunga katika pindo la kanga maisha yake yote ya uzee na hakuiita kwa jina jingine ila "pesa ya mizani". Alinipa mimi nikiwa darasa la tano. Sahani moja ya ile mizani imelika, karibu haionekani tena, kwa sababu bibi alikuwa na tabia ya kuisugua kwa kidole gumba alipokuwa anafikiri.

Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na sarafu za Kirumi nimezisomea kwa mapenzi tu. Za dhahabu na za fedha hazinivuti sana. Hizo zilikaa kwa wenye nazo, zikafungiwa kwenye vyungu na masanduku. Shaba ndiyo iliyokwenda kununua mkate, kulipia bafu, kumtupia ombaomba. Mtu aliyeishi na kufa bila kumwona Kaisari hata siku moja alimjua kupitia shaba iliyokuwa kiganjani mwake. Kwa hiyo nimekuja na swali moja: mkubwa yule, alipopata nafasi ya kumwambia mnyonge jambo moja tu, dogo, lenye upana wa kidole, alimwambia nini?

Jioni tulipanda kilima cha Capitolium. Kuna ngazi 124 za marumaru hadi kanisa la Santa Maria in Aracoeli, na magoti yangu yamezihesabu zote. Upande huu wa kilima ndipo lilipokuwa hekalu la Juno Moneta, lililowekwa wakfu mwaka 344 KK, na hapo hapo, chini ya ulinzi wa mungu huyo wa kike, Warumi waliweka kiwanda cha kufulia sarafu. Cicero, mwandishi wa Kirumi, alilihusisha jina Moneta na neno la Kilatini la kuonya. Hapa kilimani ndipo mabata bukini wa Juno walipopiga kelele usiku Wagauli walipopanda kimya kimya kuuvamia mji, mwaka 390 KK kwa hesabu ya Warumi wenyewe. Kutokana na hekalu hilo Waitaliano wanaita sarafu "moneta" mpaka leo, na Waingereza na Wafaransa wamechukua humo humo majina yao ya pesa.

"Mjomba, mbona hapa hakuna kitu?" mpwa wangu aliuliza. Kweli, kuna bustani, mawe ya ukuta wa zamani na paka mmoja. Nilikaa pale mpaka giza lilipoingia.

Jumatano, siku ya pili

Palazzo Massimo, jumba la makumbusho, iko karibu na kituo cha treni cha Termini. Watalii wengi hupanda juu kutazama picha za ukutani na sanamu. Sisi tulishuka chini, kwenye chumba cha sarafu, chenye mlango mzito kama wa benki. Nilikuja na kioo changu cha kukuzia. Tuliingia asubuhi, tukatoka mlinzi alipotukumbusha kwamba muda umekwisha, na nitaandika kwa urefu kidogo kwa sababu hii ndiyo siku niliyoifuata.

Mwanzo kabisa hakuna sarafu. Kuna mabonge ya shaba, yasiyo na umbo, yaliyopimwa kwa uzito. Baadaye yanakuja matofali ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, yenye picha: ng'ombe dume upande mmoja, au mkuki, au nanga. Ng'ombe huyo ana maana yake. Neno la Kilatini la mali ya fedha, pecunia, limetokana na pecus, mifugo. Nilimweleza mpwa wangu, naye akacheka kwa furaha, maana mama wa rafiki yake huko Shinyanga alitolewa mahari ya ng'ombe. Mfugaji yeyote wa kwetu angelielewa tofali lile bila mkalimani.

Kisha, katika karne ya 3 KK, inakuja as yenyewe, sarafu ya kumimina kwenye kalibu, nzito kama jiwe la mizani. Zile za mwanzo zilikuwa na uzito wa ratili moja ya Kirumi, gramu 320 hivi. Jaribu kwenda sokoni na kumi za namna hiyo. As moja iligawanywa sehemu 12, kila sehemu ikiitwa uncia, na hapa nilisimama kidogo, kwa sababu uncia ndiyo iliyopita kwa Wagiriki, ikaingia kwa Waarabu, ikatufikia sisi ikiwa wakia. Bibi yangu alipoagiza wakia mbili za ubani alikuwa anatumia kipimo cha Roma.

Uso wa as ni Janus, mungu wa milango, mwenye nyuso mbili, moja inatazama alikotoka, nyingine aendako. Mgongoni kuna omo ya merikebu ya vita, ile ncha ya mbele yenye pembe ya kutobolea merikebu za adui. Sarafu ndogo zote za kundi hilo zina omo ile ile mgongoni, ila uso unabadilika: Saturnus kwenye nusu, Minerva kwenye theluthi, Hercules kwenye robo, Mercurius kwenye sudusi. Na pembeni kuna nukta. Theluthi ina nukta nne, robo tatu, sudusi mbili, uncia moja. Ni vinundu vya duara, vimeinuka, unaweza kuvihesabu kwa kidole. Mchuuzi asiyejua kusoma, au mzee aliyeingiwa na mtoto wa jicho, au mtu anayelipa gizani, wote wangejua wanachokitoa. Niliegemea kioo cha kabati muda mrefu nikizitazama nukta hizo. Mtu aliyebuni jambo lile alimfikiria mtu mdogo, na mimi humheshimu kila afanyaye hivyo.

Watoto wa Roma walirusha sarafu juu na kupiga kelele "vichwa au merikebu". Waliendelea kusema hivyo karne nyingi baadaye, wakati sarafu zenyewe zilikuwa hazina merikebu tena.

Mwaka 23 KK hivi Augustus, Kaisari wa kwanza, alipanga upya shaba yote. Sestertius na dupondius, sarafu ya as mbili, zikafanywa kwa orichalcum, shaba iliyochanganywa na zinki, ya njano inayong'aa, mpya unaweza kudhani dhahabu. As na robo yake, quadrans, zikabaki shaba nyekundu. Dinari moja ya fedha ikawa sestertius 4, au as 16, au quadrans 64. Kwenye nyingi ya shaba hizo kuna herufi mbili kubwa, S na C, maana yake "kwa amri ya Seneti". Kaisari ndiye aliyeshika kila kitu, lakini kwenye sarafu ya watu wa kawaida aliacha jina la baraza la zamani lionekane, kubwa kuliko picha yoyote. Naona alijua watu wanataka kusikia nini.

Tukafika kwa Kaisari Claudius, mwaka 41 BK. Sarafu yenyewe ni quadrans, ndogo, gramu tatu hivi, wageni wengi hupita bila kuiona. Nilishusha kioo changu. Mkono. Mkono mtupu wa mtu, umeshika mizani kwa juu, sahani mbili zinaning'inia sawasawa, na kati ya sahani hizo herufi P N R. Wengi huzisoma kuwa ni ahadi kwamba uzito wa sarafu umerudishwa kama ulivyokuwa.

Nilitoa pesa ya bibi, nikaiweka juu ya kioo cha kabati, kando yake.

Rupia moja ya fedha, sarafu ya India iliyotumika pia Zanzibar, iligawanywa ana 16. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Dinari moja ilikuwa as 16, na dinari moja ilikuwa quadrans 64. Mizani hapa, mizani pale, na zote mbili ndizo sarafu za chini kabisa, sitini na nne kwa kipande kimoja cha fedha. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Ukigawa nusu, na nusu ya nusu, utafika kwenye 64 tu, na mizani ya Zanzibar ilikuja kwa njia ya India, kutoka pesa za kampuni ya Kiingereza zilizokuwa zikifuliwa Bombay. Najua yote hayo. Hata hivyo macho yalinilowa, na mpwa wangu alinishika bega bila kusema neno.

Quadrans ilikuwa ndiyo kiingilio cha bafu la umma. Injili ya Marko inaitaja kwa jina: vijisarafu viwili vya mjane maskini hekaluni vilikuwa thamani ya quadrans moja. Hapo ndipo Claudius alipoamua kuweka ahadi yake ya uzito, mahali ambapo mjane angeiona.

Alhamisi, siku ya tatu

Treni ya kwenda Ostia Antica huondoka kituo cha Porta San Paolo, kando ya piramidi ya Cestius. Chini ya saa moja umefika. Mji mzima wa kale umelala kwenye misonobari: maghala, mikahawa, vyoo vya umma, nyumba za ghorofa. Jua lilikuwa kali na nilikuwa na furaha ya mtoto.

Nyuma ya ukumbi wa maigizo kuna uwanja wa wafanyabiashara, vyumba vidogo pande tatu, na mbele ya kila chumba sakafu ya vijiwe vyeusi na vyeupe yenye picha ya kazi ya mwenye chumba. Merikebu, mnara wa taa, pomboo, tembo wa watu wa Sabratha, jina la wenye vyombo wa Karthago, miji ya Afrika ya Kaskazini. Na pishi. Pishi ya Kirumi, modius, chombo cha miguu mifupi cha kupimia nafaka, lita tisa kasoro, na juu yake ule ubao wa kufutia. Ninajua ubao ule. Dukani kwa babu palikuwa na kibaba cha mfuto na kibaba cha tele, na ugomvi wote wa mteja na mwenye duka ulikuwa hapo, kati ya kufuta na kujaza.

Pishi hiyo hiyo ndiyo iliyojaa kwenye shaba ya Roma. Iko kwenye quadrans nyingine ya Claudius, peke yake, bila maneno mengi. Iko miguuni pa Annona, binti wa kufikirika waliyemchora kuwa ndiye riziki ya nafaka ya mji: anasimama na masuke mkononi, pembe ya neema begani, na nyuma yake tezi ya merikebu, kwa sababu ngano ya Roma ilivuka bahari kutoka Misri na Afrika ya Kaskazini. Mrumi wa kawaida hakuhitaji kufafanuliwa. Pishi, suke, tezi: chombo kimefika, utakula.

Lakini ni sestertius ya Nero niliyotaka kuisimulia nikiwa hapa. Claudius alianza kujenga bandari kilomita chache kaskazini ya Ostia mwaka 42 BK, na Nero akaweka picha yake kwenye shaba karibu mwaka 64. Unaitazama kama ndege: kuta mbili za bandari zimejikunja kama mikono, mnara wenye sanamu juu, merikebu zimetulia katikati, nyingine zimeshusha tanga, na chini kabisa mungu amejilaza na usukani mkononi na pomboo pembeni. Utulivu mtupu. Mwaka 62, anasema mwanahistoria wa Kirumi Tacitus, dhoruba ilizamisha merikebu kama 200 ndani ya bandari hiyo hiyo, na nyingine 100 zilizokwisha kupanda mto Tiber zikateketea kwa moto. Nero akaamuru ngano iliyoharibika itupwe mtoni, hadharani, ili watu wasiogope, na bei haikupandishwa.

Wewe fikiria mama mmoja wa Roma, miaka miwili baada ya hapo, amepewa chenji, na kwenye chenji kuna bandari iliyotulia. Alikumbuka dhoruba. Mji mzima ulikumbuka. Aliyechonga sarafu ile alijua kwamba wanakumbuka, na ndiyo maana akachonga. Tangu leo nimeanza kuzisoma hivi: picha iliyokazaniwa sana kwenye shaba inaonyesha mahali hofu ilipokuwa.

Mpwa wangu alisikiliza, kisha akasema: "Kwa hiyo mjomba, nikiona Annona wengi, nijue njaa ilikuwa karibu?" Si kila mara, nilimjibu, lakini anza kuuliza hapo.

Tulikula mikate tuliyobeba, chini ya msonobari, mbele ya mkahawa wa kale wenye kaunta ya marumaru. Huko Pompeii ukutani kuna maandishi ya mkahawa wa aina hii: kwa as moja unakunywa, kwa mbili unakunywa kizuri zaidi, kwa nne unakunywa mvinyo wa Falerno. Bei zote ni za shaba.

Ijumaa, siku ya nne

Adhuhuri nilisali katika Msikiti Mkuu wa Roma, nguzo zake zinapanda kama mitende. Asubuhi na alasiri tulikuwa Forum, uwanja mkuu wa Roma ya kale, na sitaieleza Forum. Kila mtu ameieleza. Nitasema mambo mawili.

La kwanza ni Tao la Titus. Ndani yake wamechongwa askari wamebeba kinara cha taa saba kutoka hekalu la Yerusalemu, lililoanguka mwaka 70. Sestertius za Vespasianus zinasimulia tukio hilo kwa picha nyingine: mtende katikati, chini yake mwanamke ameketi, kichwa kimeegemea mkono, analia. Maneno yanasema IVDAEA CAPTA, Yudea imetekwa. Upande wa pili wa mtende anasimama Kaisari na mkuki, mguu juu ya kofia ya chuma. Ufundi wake ni wa hali ya juu. Mimi siwezi kuipenda. Nchi nzima imefanywa mwanamke anayelia, kisha imegawiwa kama chenji kwa watu wanunue vitunguu. Hadrianus naye baadaye alizichora nchi kama wanawake, Afrika akiwa amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga na pembe vikitokeza juu ya paji la uso, miguuni kikapu cha ngano. Afrika yao ilikuwa Tunisia na jirani zake. Huyo angalau amesimama au amejilaza kwa heshima, ana pembe ya neema. Ngano yake ilikuwa inahitajika.

La pili limenipa faraja. Mwaka 118 Hadrianus alifuta madeni ambayo watu walidaiwa na hazina ya Kaisari, sestertius milioni 900, na hati zikachomwa moto katika Forum ya Traianus. Tulisimama pale, mbele ya ile nguzo ndefu. Kwenye sestertius ya tukio hilo, mtumishi wa dola ameinamisha mwenge kwenye rundo la hati, na mbele yake raia wameinua mikono. Kiasi chenyewe kimeandikwa kwenye sarafu. Nimefikiri sana juu ya hilo: shaba yenye thamani ya sestertius moja inatangaza sestertius milioni 900. Mtu angeweza kuishika na kusema, moja ya zile ni hii.

Kuna pia nyumbu wawili wa Nerva, wa mwaka 97. Nerva aliwaondolea watu wa Italia mzigo wa kutoa wanyama na magari kwa tarishi wa serikali, na sestertius yake inaonyesha nyumbu wawili wanakula majani, mmoja kaelekea huku, mwingine kule, na nyuma yao gari limesimamishwa, mti wake wa kufungia nira umeelekea juu. Hakuna mungu, hakuna Kaisari upande huo. Wanyama wamefunguliwa, wanakula. Kama ningeambiwa nichague shaba moja ya Roma, ningechukua hiyo.

Kwetu, mafundi wa Kilwa hawakuchora mtu wala mnyama. Sarafu zao za shaba zilikuwa na jina la Sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, pande mbili zikiwa na vina kama beti la shairi. Ahadi ni ile ile ya kutaka kuaminiwa, isipokuwa imeshuhudishwa kwa Mungu.

Jumamosi, siku ya tano

Kanisa la San Clemente, mwendo mfupi kutoka Colosseo, limejengwa juu ya kanisa jingine la zamani zaidi, na hilo limejengwa juu ya majengo ya Roma ya karne ya 1. Unashuka ngazi, unashuka tena, hewa inapoa, na chini kabisa unasikia maji yanapita gizani. Moja ya majengo ya huko chini, lenye vyumba vingi vidogo na ukuta wa mawe makubwa, wataalamu kadhaa wanadhani ndicho kiwanda cha sarafu kilipohamia kutoka kilimani, wakati wa Domitianus. Kaisari huyo ndiye aliyeweka kwenye shaba yake binti mwenye mizani na pembe ya neema, na jina MONETA AVGVSTI.

Nilisimama nikajaribu kusikia nyundo. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: muhuri wa chuma wa uso umekazwa kwenye fuawe, umetazama juu. Mtu wa kwanza anaweka kwa koleo kisahani cha shaba kilichopashwa moto. Wa pili anashikilia juu yake muhuri wa mgongo. Wa tatu anapiga. Wakati mwingine sarafu ilinasa kwenye muhuri wa juu bila wao kugundua, kisahani kilichofuata kikapigwa na sarafu hiyo, kikatoka na uso wa Kaisari pande zote mbili, upande mmoja umeinuka, upande mwingine umebonyea ndani. Jumatano nilikuwa nimezieleza sarafu hizo kwa mpwa wangu, akaniuliza kwa nini hawakuzitupa. Shaba ilikuwa na uzito wake, ikapita.

Mwaka 271, chini ya Aurelianus, wafanyakazi wa kiwanda cha Roma waliasi wakiongozwa na msimamizi wao, Felicissimus. Walikuwa wameshutumiwa kuchezea sarafu. Vita vilipiganwa kwenye kilima cha Caelius, kinachoanzia mlangoni mwa kanisa hili, na mwandishi Aurelius Victor anasema askari 7,000 walikufa kabla uasi haujazimwa. Wakati huo sestertius ile nene ya njano ilikuwa karibu imekwisha. Sarafu ya "fedha" ilikuwa shaba iliyopakwa rangi ya fedha juu, na wiki chache za kupita mikononi zilitosha kuifichua.

Diocletianus alikuja na shaba mpya kubwa, mwaka 294 hivi. Miaka michache baadaye mgongoni mwake akaonekana Moneta tena, na mizani yake, na sasa ameitwa mtakatifu: SACRA MONETA. Mwaka 301 Diocletianus alitoa amri ya bei za juu kwa kila kitu, kuanzia ngano hadi viatu, na adhabu ya kifo kwa atakayezidisha, kwa sababu bei zilikuwa zimekimbia. Mizani haijawahi kuitwa takatifu wakati watu waliiamini.

Sarafu hiyo kubwa siku hizi wanaiita follis. Jina hilo lilikuja kushikwa na shaba za Bizanti, Waarabu wakalitamka fals, wingi wake fulus, nasi pwani tukapata fulusi. Dinari ni denarius, wakia ni uncia, fulusi ni follis. Nilimwambia mpwa wangu haya tukiwa tumeketi kwenye ngazi za nje, yeye akayaandika kwenye simu yake.

Jumapili, siku ya sita

Asubuhi tulikwenda soko la Porta Portese, ng'ambo ya mto. Viatu, redio za zamani, picha za watakatifu, vijiko. Mzee mmoja alikuwa ametandika kitambaa cheusi chenye sarafu za kijani, akainua moja akataja jina la Nero. Niliipokea. Nilitazama ukingo kwanza: kulikuwa na mstari mwembamba unaozunguka sarafu nzima, alama ya kalibu mbili zilizounganishwa. Nero hakumimina sestertius, alizipiga nyundo. Na uso ulikuwa na vitundu vidogo vidogo kama vya andazi, vya hewa iliyonaswa kwenye chuma cha moto. Nilimrudishia kwa shukrani. Na hata ingekuwa ya kweli nisingeinunua. Kitu cha kale kilichofukuliwa katika ardhi ya Italia ni mali ya taifa, na sarafu iliyong'olewa shambani usiku imepoteza nusu ya habari zake: ilikaa wapi, pamoja na nini, nani aliiangusha.

Treni ya uwanja wa ndege ilikuwa na nafasi. Mpwa wangu aliomba kuishika pesa ya bibi mara ya mwisho. Nilimwambia afumbe macho.

Aliipitisha kidole gumba taratibu, upande mmoja, kisha akaigeuza. Akasita pale penye ulaini, ilipolika sahani.

"Huku," alisema. "Mizani iko huku, mjomba."

Nilimkunjia vidole juu yake, ikabaki kwake.